Msomaji Anauliza: Je, Ukungu Unaweza Kuondoa Metali Zenye Sumu Majini?

Katika toleo lililopita safu hii ilieleza kwa kifupi kwamba miili mikavu ya kuvu, yaani ukungu, hamira na jamaa zao wa jamii ya uyoga, ina uwezo wa kunasa metali zenye sumu zilizoyeyuka majini. Barua zilizofuata, nyingi zikitoka Arusha na Moshi, zimenifanya niliweke kando jambo nililokusudia kuliandikia mwezi huu. Nimechagua zile zinazogusa mahitaji ya wengi, na nimezifupisha bila kubadili maana.

Ndugu Mhariri, nina karakana ndogo ya betri za magari hapa Unga Limited, Arusha. Maji ya kusuuzia betri huishia mtaroni, na mtaro unaelekea mtoni. Nimesoma kwamba ukungu unanasa risasi. Naweza kuutumia, na kwa kiasi gani? (Fundi betri, Arusha)

Fundi, nakushukuru kwa kuuliza, kwa sababu maji yanayopita mitaro ya jiji hayaishii jijini. Mto Themi unamwagilia bustani za mboga upande wa chini kabla ya kujiunga na Kikuletwa, na Kikuletwa unaingia Bwawa la Nyumba ya Mungu, ambako watu wanavua samaki.

Nianze na jinsi kazi hiyo inavyofanyika. Seli ya kuvu imezungukwa na ukuta uliojengwa kwa kitini, ambacho ndicho kinachopatikana pia katika magamba ya kamba na wadudu, pamoja na glukani, ambayo ni aina ya kabohaidreti, na protini. Juu ya ukuta huo kuna vikundi vya kikemia, kama vile kaboksili, fosfati na amino, ambavyo baadhi yake hubeba chaji hasi na vingine hushika metali kwa kuchangia elektroni zake. Risasi, kadimiamu, shaba, zinki na nikeli zikiyeyuka majini huwa ayoni, yaani chembe ndogo zenye chaji ya umeme, na chaji yake ni chanya, kwa hiyo zikikutana na ukuta huo hunaswa na kubaki hapo, mara nyingi zikiziondoa ayoni za kalsiamu, magnesiamu au hidrojeni zilizokuwa zimeshikilia nafasi hizo. Kazi hii haihitaji kuvu iwe hai. Ni kazi ya ukuta wenyewe, na ndiyo maana hutokea upesi: sehemu kubwa ya metali hunaswa ndani ya dakika za mwanzo, na baada ya saa moja au mbili hali huwa imetulia.

Sasa tuje kwenye karakana yako, ambako kuna kikwazo kimoja kikubwa. Maji ya betri yana asidi ya salfuriki, na katika asidi kali kuvu hunasa risasi kidogo mno. Lichukulie ukuta wa seli kuwa daladala yenye viti vichache: katika asidi kuna ayoni za hidrojeni nyingi mno, nazo huwahi karibu viti vyote kabla risasi haijafika mlangoni. Kwa metali zenye chaji chanya, kuvu hufanya kazi vizuri zaidi pale pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, inapokuwa kati ya 4 na 6. Chini ya hapo nafasi zinajaa hidrojeni. Juu ya hapo risasi yenyewe huanza kujitenga na maji na kuwa tope.

Maana yake ni kwamba hatua ya kwanza kwako si ukungu bali ni chokaa. Kusanya maji katika pipa, ongeza chokaa kidogo kidogo huku ukikoroga na ukipima pH, kisha acha tope litulie mpaka kesho yake. Chokaa ni rahisi, inapatikana kila duka la vifaa vya ujenzi, na huondoa sehemu kubwa ya risasi kwa gharama ndogo. Tatizo lake ni kwamba huacha mabaki ya risasi yaliyoyeyuka ambayo kwa macho huwezi kuyaona, na hapo ndipo kuvu inapopata kazi yake halali, yaani kufuata nyuma ya chokaa na kunasa kile kilichosalia. Kabla ya hatua hiyo ya pili maji hurudishwa kwenye pH inayofaa, iwapo chokaa imeyapandisha mno.

Kuhusu kiasi, tufanye hesabu. Chukua pipa la lita 200 ambalo baada ya chokaa bado lina miligramu 5 za risasi kwa kila lita. Ndani ya pipa hilo kuna miligramu 1,000 za risasi, yaani gramu moja. Katika maabara, gramu moja ya ukungu mkavu inaweza kunasa makumi ya miligramu za risasi, lakini matokeo hayo hupatikana katika maji safi yaliyowekwa metali moja tu kwa makusudi. Maji ya karakana yana kalsiamu, chuma, zinki na mafuta, vyote vikigombea nafasi zile zile, na kadiri risasi inavyopungua majini ndivyo kuvu inavyobeba kidogo zaidi. Mimi ningepanga kwa miligramu 10 tu kwa gramu, na hapo pipa moja lingehitaji gramu 100 za kuvu kavu. Si mzigo mkubwa, ila ni lazima majibu yapimwe maabara kabla ya kumwaga chochote. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali Kanda ya Kaskazini ipo hapo hapo Arusha.

Kuna jambo moja ambalo hukuliuliza, nami sitaliacha. Katika karakana ya betri, risasi inayoingia mwilini kwa wingi hupitia vumbi, mikono na nguo za kazi kuliko maji. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa hakina madhara, na watoto ndio wanaoumia zaidi kwa sababu ubongo wao bado unakua. Usirudi nyumbani na ovaroli ya kazi, wala usiwaruhusu watoto kucheza mahali betri zinapopasuliwa.

Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwalimu wa kemia katika sekondari moja ya Moshi. Wanafunzi wangu hawaelewi kwa nini kuvu iliyokufa isifiwe kuliko iliyo hai. Je, kuna jaribio dogo tunaloweza kulifanya? (Mwalimu, Moshi)

Marahaba, Mwalimu. Kuvu hai nayo hunasa metali kwa ukuta wake, na zaidi ya hapo inaweza kuziingiza ndani ya seli na kuzihifadhi humo. Lakini kuvu hai inahitaji chakula, joto linalofaa na muda wa kukua, na maji yenye sumu nyingi huiua. Iliyokufa haina madai hayo: unaikausha, unaisaga, unaihifadhi kwa miezi, na ikishajaa metali unaweza kuiosha kwa asidi hafifu ukaitumia tena. Watafiti wamegundua pia kwamba kuichemsha kuvu kama Aspergillus niger katika mmumunyo wa sodiamu haidroksaidi huongeza uwezo wake, kwa sababu alkali huondoa baadhi ya protini na mafuta yaliyofunika ukuta na kufichua nafasi zilizokuwa zimezibwa.

Jaribio lipo, na vifaa vyake mnavyo. Yeyusheni nusu gramu ya mrututu, yaani salfeti ya shaba, katika lita moja ya maji yaliyotoneshwa. Kwa kuwa takriban robo ya uzito wa mrututu ni shaba, mtapata miligramu 125 hivi za shaba kwa lita. Chukueni hamira ya kuokea, ichemsheni dakika kumi na tano ili ife, kisha muioshe na kumwaga maji mara kadhaa mpaka maji yake yawe maangavu, maana protini zinazobaki zitawavurugia majibu. Tieni kama gramu tano za hamira hiyo, kwa uzito wake wa awali ikiwa kavu, katika mililita 100 za mmumunyo wa mrututu, na mililita 100 nyingine ziachwe bila hamira. Korogeni kwa nusu saa, acheni itulie, chujeni, kisha ongezeni amonia katika vyombo vyote viwili. Shaba ikikutana na amonia hutoa rangi ya buluu iliyokolea, kwa hiyo tofauti ya rangi ndiyo itakayowaonyesha ni shaba kiasi gani imetoweka majini.

Msiishie hapo. Warudie kwa kutia matone machache ya asidi kabla ya hamira, nao watajionea wenyewe jinsi shaba inavyokataa kunaswa. Kisha wachukue hamira iliyokwisha kunasa, waioshe kwa asidi hafifu ya haidrokloriki, na wapime tena ile asidi baada ya kuizimua kwa alkali kidogo: shaba itakuwa imerudi. Kwa maoni yangu hii sehemu ya mwisho ndiyo yenye somo kubwa kuliko zote, kwa sababu inaonyesha kwamba metali haiharibiwi, bali inahamishwa tu kutoka mahali hadi mahali. Mabaki yote yakusanywe katika chupa yenye lebo, yasimwagwe sinkini.

Mwanangu Mhariri, naishi upande wa Ngarenanyuki. Maji yetu yana floraidi na wajukuu wangu meno yamekuwa ya kahawia. Huo ukungu utatusaidia? (Bibi, Meru)

Shikamoo Bibi. Hapana, hautawasaidia, na sitaki utumie hata shilingi yako kuujaribu. Floraidi si metali. Majini hubeba chaji hasi, wakati ukuta wa kuvu tunaouzungumzia una sifa ya kunasa vyenye chaji chanya. Floraidi ya huko inatokana na miamba ya volkano ya Mlima Meru, na njia iliyofanyiwa kazi kwa miaka mingi hapo hapo kwenu, katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, ni chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao madini yake huishika floraidi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha maji hakuipunguzi; hakika huiongeza kidogo, kwa sababu maji yanapungua na floraidi inabaki. Kama hamwezi kupata chujio kwa nyumba nzima, tengeni maji ya mvua kwa ajili ya watoto wadogo kunywa na kupikia, maana meno huharibika wakati bado yanajijenga ndani ya fizi.

Ndugu Mhariri, nalima uyoga aina ya mamama (oyster) huku Machame. Baada ya mavuno nabaki na mifuko mingi ya nyuzi za kuvu na mabua. Je, mabaki hayo yanafaa kusafishia maji? Na uyoga ukitumika hivyo, unaweza kuliwa baadaye? (Mkulima wa uyoga)

Nianze na la pili, maana ndilo la hatari. Uyoga au kuvu yoyote iliyotumika kunasa metali isiliwe kamwe na mtu wala mnyama, isifanywe chakula cha kuku, na isitiwe shambani kama mboji. Uwezo ule ule tunaousifu ndio unaoufanya uyoga kuwa mtego: baadhi ya uyoga hukusanya kadimiamu mwilini kuliko udongo unaoota juu yake. Kwa sababu hiyo hiyo naomba wanaochuma uyoga wa porini waache ule unaoota kando ya barabara kuu, jalalani au karibu na karakana, hata kama ni wa aina wanayoifahamu vizuri.

Kuhusu mabaki yako, ndiyo, yana nyuzi nyingi za kuvu zilizochanganyika na mabua, na mchanganyiko huo umeonyeshwa katika tafiti kuwa unanasa risasi, shaba na kadimiamu. Ni hafifu kuliko ukungu safi uliosagwa, lakini faida yake ni kwamba chembe zake ni kubwa na maji hupita kwa urahisi. Yanapaswa kukaushwa vizuri na kuoshwa kwanza, la sivyo yatatoa rangi ya chai na uchafu wa mimea katika maji unayotaka kuyasafisha. Mimi ningeyatumia kwa maji machafu ya kazi tu, si ya kunywa.

Naongeza onyo kwa wasomaji wengine walioniuliza kama wanaweza kuotesha ukungu juu ya mahindi nyumbani. Msifanye hivyo. Baadhi ya kuvu za jamii ya Aspergillus hutoa sumukuvu, na mwaka 2016 sumukuvu iliyokuwa katika mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ukungu usiojulikana aina yake haupaswi kukaushwa na kusagwa jikoni, ambako vumbi lake litavutwa na kila aliyemo ndani. Anayetaka kujaribu aanze na hamira, ambayo tunaifahamu.

Mabaki yaliyokwisha kujaa metali ni taka hatarishi kwa mujibu wa sheria zetu za mazingira, na anayeyazalisha kwa wingi anapaswa kuwasiliana na chombo cha serikali cha usimamizi wa mazingira (NEMC) kuhusu namna ya kuyateketeza au kuyahifadhi. Yenye zebaki yasichomwe moto kwa namna yoyote, kwa kuwa zebaki hugeuka mvuke na kuvutwa puani.

Je, dawa ya shaba tunayonyunyizia kahawa inaingia kwenye chemchemi zetu? (Mkulima, Kibosho)

Shaba hushikamana sana na udongo wenye mboji, kwa hiyo sehemu kubwa hubaki katika tabaka la juu la shamba ilikonyunyiziwa. Hatari kubwa zaidi iko kwenye mfereji: bomba la kunyunyizia likioshwa ndani yake, shaba inakwenda moja kwa moja kwa jirani wa chini. Osheni mabomba shambani, mbali na maji.

Ndugu Mhariri, kama njia hii ni rahisi na ya bei nafuu kama inavyosemwa, kwa nini viwanda havijaichukua? Nasoma uhandisi wa maji Tengeru na nafikiria kuifanyia utafiti. (Mwanafunzi)

Hili ndilo swali ambalo wanaoisifia njia hii wanapaswa kulijibu mbele ya watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Kanada, Tsezos na Volesky, walionyesha kwamba ukungu uitwao Rhizopus arrhizus unaweza kunasa zaidi ya miligramu 180 za urani kwa kila gramu ya uzito wake mkavu, kiasi kilichozidi hata kaboni na resini walizolinganisha nazo. Tangu hapo yameandikwa maelfu ya makala, lakini mitambo inayofanya kazi kila siku viwandani ni michache mno.

Sababu ni kadhaa na hazilingani uzito. Iliyo kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba karibu kila jaribio linafanywa kwa maji yaliyotoneshwa yenye metali moja, ilhali maji ya kiwandani yana mchanganyiko unaobadilika kila siku, na kalsiamu na magnesiamu zilizomo hupunguza uwezo wa kuvu kwa kiwango ambacho mtafiti hakukitarajia. Kuna pia tatizo la umbo. Unga wa kuvu ukiwekwa katika mnara wa kuchujia hujibana na kuziba, kwa hiyo hulazimu kuufungia ndani ya vidonge vya alginati, yaani ute wa mwani, au plastiki yenye vinyweleo, na hapo gharama inapanda huku sehemu ya nafasi za kunasia ikifichwa. Ubora nao hutofautiana kati ya mavuno na mavuno. Resini za kubadilisha ayoni ni ghali, lakini mnunuzi anajua atakachopata kila anapofungua mfuko.

Hata hivyo naona nafasi yake hapa kwetu, na naiona wazi. Arusha na Moshi zina viwanda vya bia, na kiwanda cha bia hutoa hamira iliyokwisha kazi kila siku bila kukoma. Moshi ina kiwanda kikubwa cha ngozi pale Karanga, na sehemu kubwa ya usindikaji wa ngozi duniani hutumia chumvi za kromiamu. Kromiamu ya kazi hiyo, ile yenye valensi ya tatu, ikiwa nyingi majini huondolewa vizuri kwa alkali na inaweza kuyeyushwa kwa asidi ya salfuriki na kutumika tena, kwa hiyo hapo kuvu haina la kuongeza. Inahitajika kwa ule mkia unaobaki baada ya alkali. Kromiamu yenye valensi ya sita, ambayo ndiyo inayosababisha saratani, ina tabia tofauti kabisa: majini huwa na chaji hasi, hunaswa vizuri katika asidi kali yenye pH ya karibu 2, na mwili wa kuvu wenyewe huipunguza kuwa ya valensi ya tatu. Ukichanganya aina hizi mbili katika jaribio moja bila kuzitenganisha katika vipimo, majibu yako hayatakuwa na maana, na nimeona makala kadhaa zilizoanguka hapo.

Kwa utafiti wako, basi, chukua hamira ya kiwandani badala ya kuotesha ukungu mpya, na uipime kwa maji halisi yaliyochukuliwa siku tofauti, ukiwa na ruhusa ya wenyewe. Pima kalsiamu na magnesiamu pamoja na metali unayoilenga, rudia kunasa na kuosha kwa asidi angalau mara tano uone uwezo unapungua kwa kasi gani, na uandike gharama ya asidi hiyo kwa shilingi. Usisahau kueleza ile asidi iliyojaa metali itapelekwa wapi, kwa kuwa gharama ya hatua hiyo ndiyo itakayoamua kama kiwanda kitakusikiliza.